Adui na Sauti Yake

"Kofi lianzie kiunoni," alisema Masta Dhanapal, mwalimu wa mapigano, akigonga kijiti chake juu ya gunia. "Lianzie chini, lipande. Usilirushe kutoka begani kama mtu anayefukuza nzi."

Sudalaimuthu, ambaye wote walimwita Sudalai, alishusha mkono, akaupanga upya. Mbele yake alisimama Maaran, kijana mwembamba mwenye shati lililochanwa kwa mkasi mahali palipotakiwa kuchanika. Shavu lake la kushoto lilikwisha kuiva kwa makofi yaliyotangulia.

"Nipige kweli, kaka," Maaran alisema. "Hilo la mwisho lilikuwa la shemeji kwa shemeji."

"Nikikupiga kweli utamwita mama yako."

"Mama yangu ndiye aliyeniambia nije unipige."

Mafundi wakacheka. Mwongozaji Kathirvel akapaza sauti, kamera ikaanza, na Sudalai akamzaba kijana kofi lililosikika mpaka kwenye geti la yadi. Maaran akayumba, akaangukia magunia, vumbi la pilipili likainuka, na wote waliokuwa karibu wakaanza kupiga chafya.

"Kata!" alisema Kathirvel. "Hilo limekaa. Haya, Kitelugu!"

Ndivyo kazi ilivyokwenda wiki hizo katika yadi ya pilipili nje kidogo ya Guntur. Filamu ilikuwa moja, lugha mbili. Kila tukio lilipigwa kwanza kwa Kitamil, stelingi akiwa Maaran. Kisha magunia yakarudishwa mahali pake, damu ya chupa ikafutwa, na tukio lilelile likapigwa kwa Kitelugu, stelingi akiwa Kaushik. Mastelingi walikuwa wawili, kila mmoja na mwavuli wake na feni yake. Adui alikuwa mmoja. Sudalai alipigwa kwa Kitamil, akainuka, akajipangusa, akapigwa tena kwa Kitelugu.

"Wenzako wanazikwa mara moja," Dhanapal alizoea kumwambia. "Wewe unafufuliwa kabla ya chakula cha mchana ili ukafe tena."

Tukio la siku ile lilikuwa na tofauti moja tu kati ya lugha na lugha, na kila mtu aliijua. Kwa Kitamil, kofi la dalali wa pilipili, ambaye ndiye adui, linatua. Maaran alikuwa mtoto wa kuli, na watazamaji wake walimpenda akionewa kwanza, ndipo alipize. Kwa Kitelugu kofi halitui. Kaushik alikuwa mtoto wa marehemu Bhupathi, stelingi aliyeabudiwa, na tangu enzi za Bhupathi mwenyewe mkono wa adui haukuruhusiwa kufika kwenye uso wa mtu wa nyumba ile. Filamu moja ya zamani ilithubutu, na mashabiki waling'oa viti vya sinema wakavichoma barabarani. Kwa hiyo upande wa Kitelugu kofi linapanda kutoka kiunoni vilevile, kwa kasi ileile, lakini stelingi analidaka hewani, anaukunja mkono wa adui, na mapigano yanaanza.

Kaushik alitoka kwenye gari lake la kupumzikia akiwa amevaa miwani ya jua. Alikuwa mzuri kama baba yake, ila mwenye mwili laini, na filamu zake mbili za mwisho zilikuwa zimeanguka vibaya. Chini ya turubai waliketi wakubwa wa chama cha mashabiki, waliosafiri kutoka Kurnool na mashada ya maua ili kumwona akipiga watu. Kiongozi wao, Obulesu, alikuwa fundi wa matairi, mtu mnene, mwenye sura ya Bhupathi aliyochanjwa kwa wino juu ya mkono.

"Mjomba, tumalize upesi," Kaushik alimwambia Sudalai, akimpa mtu miwani yake. Alimwita mjomba tangu utotoni, alipokuwa akiletwa kumtazama baba yake kazini, akilala mapajani mwa adui mwenyewe. "Jua hili lina ugomvi na mimi."

"Utadaka kifundoni," alisema Dhanapal. "Mkono ukipita usawa wa kifua, wewe uko tayari. Umesikia, bwana mdogo?"

"Masta, nimedaka makofi tangu nina miaka kumi na tisa."

Kamera ikaanza. Sudalai akatamka maneno yake, akaanzisha kofi kiunoni. Mkono ulipopita usawa wa kifua, mkono wa Kaushik haukuwepo. Macho ya kijana yalikuwa yamekwenda pembeni, kule kwenye turubai, kuona kama wanamtazama. Sudalai aliliona hilo, lakini kofi lenye uzito ni kama gunia lililokwisha kuachiwa kutoka juu ya lori. Likatua.

Lililia vizuri kuliko la Maaran.

Kaushik alisimama mdomo wazi, alama za vidole zikijichora polepole kwenye ngozi yake. Kisha mmoja wa walinzi wake akaja mbio, akamtia Sudalai kiwiko cha shingo. Sudalai akaenda chini kwa magoti. Wa pili akampiga teke la mbavu, na alipoinua mguu tena, vijana wa mapigano wa Dhanapal wakawa wamefika. Walikuwa wameshika mapanga ya mpira, wakayatupa, wakatumia mikono. Mlinzi alitupwa juu ya mizani ya magunia, akatoka hapo na paji lililofunguka. Arokiam, mpambaji wa Sudalai, mtu mzima mwenye miwani, alijaribu kumfunika mwenzake kwa mwili wake akapigwa ngumi ya sikio. Chini ya turubai viti vilikuwa vinaruka. Dhanapal alipita katikati akiwacharaza wote kwa kijiti chake, wake na wasio wake, mpaka wakaachana.

"Boga!" alilia Subbarayudu, mwenye filamu, akiwa ameshika kichwa. "Nani alivunja boga la kufukuza kijicho asubuhi? Nilisema livunjwe vipande vikubwa! Mmelipasua kama mnatengeneza mchuzi, kijicho kimeingia ndani kimekaa!"

Kaushik alikuwa amekwisha kujifungia ndani ya gari lake.

Kathirvel alikwenda kwenye kioo cha kutazamia picha, akarudisha nyuma tukio. Watu walijisogeza wakatazama juu ya mabega yake. Mkono wa Sudalai ulipanda sawasawa na ulivyopanda kwenye mazoezi yote. Macho ya Kaushik yalikwenda pembeni. Kosa lilionekana wazi, kama unywele kwenye maziwa. Kathirvel alirudisha tena, kisha akazima kioo.

Sudalai aliketi juu ya gunia, Arokiam akimfuta shingo kwa kitambaa cha maji.

"Inauma?"

"Lako je, sikio?"

"Linapiga kengele. Niache." Arokiam alikamua kitambaa. "Mtakuja kufukuzwa, wewe na mkono wako."

Sudalai alijua hivyo. Lakini si kufukuzwa kulikomkaa moyoni. Alikwisha kufukuzwa huko nyuma, akaitwa tena. Alianza kazi Chennai, mtaa wa Vadapalani, kijana kutoka kusini asiyejua kitu ila kuanguka: alianguka kutoka kwenye paa, kutoka kwenye farasi, kutoka kwenye lori linalokwenda, akiwa amevaa nguo za watu wengine na kisogo kikiwa kwenye kamera. Bhupathi ndiye aliyemgeuza. Siku moja alimshika kidevu akasema, "Uso kama huu mnauficha wa nini? Huu uso unaomba kupigwa." Tangu hapo Sudalai akawa adui. Nchi nzima ya Watelugu ilimjua kwa jina la Gandayya, jambazi wa filamu moja ya zamani iliyoonyeshwa mwaka mzima bila kuteremshwa. Sokoni akina mama walimlaani huku wakimpimia bamia.

Sauti waliyoijua, hata hivyo, haikuwa yake. Wakati ule Kitelugu chake kilikuwa kibovu, kwa hiyo mtu mmoja wa Vijayawada alikuwa akiingia chumbani baada ya filamu kupigwa na kumwekea sauti: sauti nzito, yenye mwangwi, kama ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi. Ikawa mazoea. Sudalai alijifunza lugha ile, kwenye vibanda vya chai na kwa kusoma magazeti kwa sauti, mpaka akawa anaota kwa Kitelugu. Bado kila filamu alifungua mdomo, na mtu mwingine akatoka.

Katika filamu hii Kathirvel alikuwa amemwandikia dalali wa pilipili kifo chenye maneno. Stelingi amekwisha kumpiga, dalali amelala juu ya pilipili zake, na kabla hajafa anazungumza. Si vitisho, maneno ya mtu. Kathirvel aliapa kwamba sauti itachukuliwa palepale uwanjani, pamoja na upepo na mbwa na kila kitu, ili baadaye asije mtu akaing'oa na kubandika nyingine. Kwa Kitamil na kwa Kitelugu, atakuwa Sudalai mwenyewe. Alikuwa amekaa na maneno yale miezi, akiyatafuna asubuhi na jioni kama mtu anayepiga mswaki. Tukio lenyewe lilipangwa kuanza jioni ileile.

Kathirvel alirudi kutoka kwenye gari la Kaushik, akachuchumaa mbele yake. Alikuwa mwongozaji kijana, na macho yake hayakutulia.

"Kaka, mambo mabaya. Wale wa Kurnool wanasema kifo chako kifutwe. Wanataka ufe uso ndani ya pilipili, kimya, kama mbwa. Subbarayudu amekwisha kukubali."

"Na Kaushik?"

"Kaushik anawaogopa. Filamu hii ikiwakasirisha, hana ya nne." Alichukua pilipili moja chini akaivunja mkia. "Kuna njia nyingine. Obulesu anataka kofi lirudi. Mbele yao, kamera ikitembea, kwa kweli. Akupige mpaka waridhike, na sisi tuitumie kama sehemu ya mapigano. Ukikubali hilo, kifo kinabaki."

"Na maneno?"

"Yanabaki."

"Kwa sauti yangu?"

"Kwa sauti yako. Kaushik amesema mwenyewe."

Arokiam alitupa kitambaa ndani ya beseni. "Mwambie aseme tena mbele yangu! Mtu amechelewa kudaka, alipwe kwa meno ya mwenzake? Mnaita hii kazi?"

"Arokiam," alisema Sudalai.

"Mimi najua uso huu kuliko mkeo. Nimeupaka damu nusu ya umri wangu. Wakiuvunja nitapaka nini?"

Sudalai aliinuka, akajinyoosha mgongo. Akasema, "Jua linakwenda. Tuanze sasa, ili lisituache kwenye kifo."

Walimsimamisha katikati ya yadi, palipomwagwa pilipili nyekundu kama zulia. Nyingi zilikuwa vumbi la mbao lililotiwa rangi, lakini juu yake kulikuwa na pilipili za kweli, na hewa iliuma. Wakubwa wa chama walitoka chini ya turubai wakajipanga nyuma ya kamera. Dhanapal alimsogelea kama anayemkagua mkanda.

"Vuta ulimi wako nyuma, usiuache kati ya meno," alimnong'oneza. "Ngumi ya mdomo ifuate, usiikinge. Ukiona macho yake yamefumba, hapo jihadhari. Mtu asiyejua kupiga ndiye anayeua."

"Masta, unanifundisha kupigwa?"

"Nakukumbusha. Siku hizi umezoea uongo."

Kaushik alikuja bila miwani. Alikuwa amepauka, na ile alama ya vidole bado ilionekana. Alisimama karibu sana, akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba, niwie radhi. Unawaona wale."

"Nawaona. Fanya kazi yako."

Kofi la kwanza lilikuwa la mtu asiyejua kupiga. Vidole vilitawanyika, vikamkwaruza sikio. La pili likapata pua kidogo. La tatu lilimfanya Kaushik mwenyewe akunje uso na kutikisa kiganja.

"Huyo ni nani unampapasa?" alipiga kelele Obulesu. "Bwana mdogo, huyo ni mchumba wako? Mpige! Baba yako anatazama!"

"Mpige!" wengine wakaitikia. "Mpige Gandayya!"

Kaushik alipiga tena, na tena, sasa kwa mikono yote miwili. Damu ikatoka puani mwa Sudalai, ikapita mdomoni, ikadondoka. Alisimama. Miguu yake ilikuwa imekaa vizuri chini, kama alivyofundishwa ujanani. Ndani ya mwili wake kulikuwa na mtu mwingine, kijana yule wa Vadapalani, aliyeona mahali pote pa wazi: koo, mbavu za chini, goti lililoegemea vibaya. Hatua mbili na Kaushik angekuwa amelala. Sudalai alimshika kijana yule ndani yake, akamkalisha.

"Anguka, mjomba," Kaushik alihema. Macho yake yalikuwa na machozi, labda ya pilipili. "Nakuomba. Anguka tumalize."

Sudalai alitaka kumsaidia. Alitaka kumwonyesha njia, kama ambavyo angemwonyesha mtu wa nyumbani kwake: upunguze mkono, uuache upite pembeni, nami nitaruka juu ya magunia mpaka Kurnool washangilie. Lakini mdomo ulikuwa umeanza kujaa, na maneno yalitoka machache kuliko nia.

"Baba yako alinipiga miaka mingi," alisema. "Hakuwahi kunigusa. Na kila mara nilianguka."

Yaliyotamkwa kama somo yalipokewa kama tusi. Uso wa Kaushik ulibadilika. Pengine yale maneno alikwisha kuyasikia kwingine, kwenye magazeti, kwa jamaa, katika kimya cha watu wanaotoka sinema. Akakunja ngumi, ile yenye pete ya baba yake, akaivurumisha.

Pete ilipasua mdomo wa juu. Sudalai alisikia jino likiachia, akalimeza pamoja na damu. Ngumi ya pili ilifunga jicho la kushoto. Ya tatu ilimpata kwenye taya, chini ya sikio, na yadi nzima ikazunguka. Magunia yakawa juu, mbingu ikawa chini. Akapiga goti moja, akainuka. Akasikia mtu akisema "Kata, kata," kwa sauti ndogo, na hakuna aliyekata. Obulesu alikuwa ameacha kupiga kelele. Mmoja wa wenzake alikuwa bado anashangilia, kisha naye akanyamaza, na kilichobaki ni sauti ya ngumi na pumzi ya watu wawili.

Kisha Kaushik akafumba macho, akarudi nyuma nusu hatua, akaja na uzito wake wote.

Sudalai aliinamisha kichwa. Huo ndio ujanja wa kwanza wanaofundishwa vijana wa mapigano: mdomo unavunjika, pua inavunjika, lakini paji la uso ni jiwe ulilopewa bure. Kama aliinamisha kwa makusudi, au mwili ulifanya wenyewe, hata yeye hakuweza kusema baadaye. Ngumi ilifika kwenye paji. Kitu kikalia kama ukuni mkavu, na hakikuwa kichwa.

Kaushik alipiga ukelele mwembamba, akaketi chini katikati ya pilipili, akiushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Vidole viwili vilikuwa vimeelekea upande usio wao.

Sasa watu wote walikimbia. Walinzi walimbeba, mtu akaita gari, mwingine akaita maji, mwingine akamwaga maji hayo kabla hayajafika. Subbarayudu alizunguka mahali pamoja akisema mkono, mkono, mkono wa stelingi, mungu wangu, bango zima ni mkono ule. Gari likaletwa. Walipokuwa wakimwingiza, Subbarayudu akainama dirishani.

"Bwana mdogo, tufunge kazi? Nimfukuze huyu mzee? Sema neno tu."

Kaushik aliegemeza kichwa kwenye kiti. Hakumtazama Sudalai.

"Mpeni maneno yake," alisema. "Nilisema nitampa. Washa gari."

Vumbi la gari lilipotulia, Sudalai alikuwa bado amesimama palepale, mikono ikining'inia. Arokiam alikuja na beseni la barafu, akitukana kwa Kitamil kila aliyezaliwa Kurnool na atakayezaliwa.

"Ngoja," alisema Sudalai. Neno lilitoka limevimba. "Kathir. Jua?"

Kathirvel alitazama juu. Jua lilikuwa juu ya paa la ghala, kubwa, la rangi ya ufuta uliokaangwa. Kisha akautazama uso wa Sudalai: jicho lililozibwa, mdomo uliopasuka, damu iliyoanza kukauka kwenye masharubu. Aliutazama kwa aibu, na chini ya aibu hiyo kulikuwa na uchu wa fundi aliyeona mbao nzuri.

"Kaushik hatakiwi kwenye picha ya uso," alisema polepole. "Kaka, unaweza?"

"Nimelipa. Washa."

Akalala mwenyewe juu ya pilipili, shavu chini, kama tukio lilivyotaka. Ziliunguza mdomo uliopasuka mpaka mwili mzima ukatetemeka. Kamera ililetwa mpaka kuwa shibiri tatu kutoka usoni. Mtu wa sauti akashusha kinasa chake juu ya ufito. Kathirvel akainua mkono, feni zikazimwa, jenereta ikazimwa, na yadi ikabaki na mbwa na upepo tu.

"Nigeuzeni," alianza Sudalai kwa Kitelugu, safari hii kabla ya Kitamil. "Nigeuzeni uso. Nisife nikinusa hizi."

Alipumua. Herufi zilizohitaji midomo zilimponyoka, akazifuata, akazishika.

"Mama yangu alichambua pilipili za watu mpaka macho yakamfia kabla yake. Jioni alikuwa hanioni, ananipapasa. Ananiuliza, ni wewe? Nami namwambia, ni mimi. Na mikono yake ikinigusa, uso wangu unawaka moto. Huo ndio mkono wa mama niliolelewa nao."

Haikuwa sauti ya ndani ya mtungi. Ilikuwa nyembamba kidogo, yenye mkwaruzo, na Kitelugu chake kilikuwa na kusini ndani yake. Dhanapal, aliyeshuhudia watu wakianguka maisha yake yote, aligeuka akawa anakagua kamba ambayo haikuwa na kasoro.

"Wewe umekuja kuwakomboa wakulima," Sudalai aliendelea. "Vizuri. Siku nilipochukua mizani hii, nami nilikuja kuwa..."

Kivuli kikapita juu ya uso wake. Jua lilikuwa limeingia nyuma ya ghala.

"Kata," alisema Kathirvel. Akapiga paja lake. "Nusu tunayo! Nusu tunayo, nyingine kesho, saa hiihii, jua likifika palepale. Pigeni picha za uso wake, pande zote. Pigeni na pilipili, kila ilivyokaa. Mtu yeyote asifagie!"

Arokiam alikuwa tayari amepiga magoti, kipande cha barafu mkononi. Kathirvel akamshika kifundo.

"Samahani, baba. Barafu hapana."

"Nini hapana?"

"Uvimbe ukishuka, kesho atakuwa mtu mwingine. Nusu ya maneno atakuwa na uso huu, nusu uso mwingine. Watu watacheka."

"Nitampaka! Nitamtengenezea uvimbe, nina nta, nina pamba, kazi yangu ni nini?"

"Kamera iko shibiri tatu, baba. Unajua."

Arokiam alijua. Akamgeukia Sudalai, barafu ikimchuruzika kiganjani. "Sema wewe. Uso ni wako."

Sudalai alikuwa ameinuka akaketi. Kichwa kizima kilikuwa kikipiga kama ngoma ya mazishi. Aliitazama ile barafu kwa jicho moja, akaitamani kama mtu anavyotamani maji, kisha akausukuma mkono wa rafiki yake kando.

"Imwage," alisema.

Mafundi walianza kukunja waya. Taa moja iliwashwa kwenye kibanda cha chai, na wali wa maziwa ya mgando ukaanza kugawiwa kwenye majani ya mgomba. Obulesu alikuja peke yake. Aliacha wenzake getini, akavuka yadi polepole, akasimama mbele ya Sudalai akiwa bado na shada la maua lililolegea kwenye kwapa. Vijana wawili wa Dhanapal wakajisogeza. Yeye hakuwajali.

"Ile ni sauti yako?" aliuliza.

"Yangu."

"Gandayya haongei hivyo."

"Gandayya aliwekewa. Na mtu wa Vijayawada."

Obulesu alifikiri. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa nyumba aliyoizoea ina mlango mwingine.

"Mimi nilikurushia kiatu Anantapur," alisema. "Kwenye sinema. Nilikichukia kile kicheko, nikavua kiatu nikalitia pazia tundu. Nililala selo kwa ajili yako."

"Kicheko pia chake."

"Sasa miaka yote hii nimemchukia nani?"

Sudalai aligusa mdomo wake uliovimba. Akainua mabega.

"Haivutii," alisema Obulesu hatimaye, kama mtu anayepima tairi. "Sauti yako. Ni ya mtu tu. Ukitishia nayo, hakuna atakayetishika." Alilitazama lile shada, hakujua alipeleke wapi, akalirudisha kwapani. "Huyo mama alikufa vipi? Hukumalizia."

"Kesho."

"Nitakuja."

"Kupiga?"

"Sijajua," alisema Obulesu, akaondoka zake kuelekea getini, ambako wenzake walikuwa wanamwita kwa honi.

Arokiam alileta kikombe cha chai kilichopoa na mrija wa mpapai. Sudalai alinyonya kidogo, akaacha. Alitembea mpaka mahali alipokuwa amelala. Pilipili zilikuwa zimebonyea umbo la shavu lake, na katikati damu ilikuwa imezifanya nyeusi. Wafagiaji wa yadi walikuwa wanakuja na fagio zao ndefu kutoka upande wa ghala.

"Kikapu," alimwambia Arokiam. "Kile kikubwa."

Wakakifunika juu ya alama ile, wakaweka jiwe ili upepo usikiondoe. Sudalai aliketi kando yake, mgongo kwenye gunia, kichwa amekiinua ili uvimbe usihame. Akaanza kuutafuta mdomo wake upya, neno kwa neno, tangu pale alipokatizwa.

"Nami nilikuja kuwa..." alisema, akasimama, akateremsha taya kwa vidole, akaanza tena.